Soma Slipu Yako: Michango ya Uzeeni Inavyopunguza Kodi ya Mshahara

Mpwa wangu anafanya kazi ghalani, upande wa Pongwe. Jumapili moja alinijia hapa Ngamiani, slipu ya mshahara ameikunja mara nne kwenye mfuko wa shati.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Hata kahawa hakungoja imiminwe. "Shangazi, nimesikia ukichangia mfuko wa uzeeni kodi inapungua. Mimi NSSF wananikata elfu tisini kila mwezi. Mbona kodi yangu iko palepale?"

Nikaikunjua ile slipu nikaisoma. Alikuwa na haki ya kuuliza. Kodi yake ilikuwa imekokotolewa vibaya, na kwa hesabu ile alikuwa akipoteza shilingi 22,500 kila mwezi bila yeye kujua. Nimeshughulika na mishahara ya watu miaka mingi, na kosa hili nimelikuta kwa waajiri wengi wadogo kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi si wizi. Ni mtu aliyerithi jedwali la kompyuta kutoka kwa aliyemtangulia na hakuuliza lilitengenezwaje.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa yeyote anayelipwa mshahara hapa Tanga, awe bandarini, kiwandani, shambani, shuleni au hospitali ya Bombo. Chukua slipu yako ya mwezi uliopita, kalamu na simu yenye kikokotoo, tuende pamoja.

Hatua ya kwanza: tafuta namba nne

Slipu zina sura nyingi, ila kila moja lazima ikupe namba nne: mshahara ghafi, mchango wako wa mfuko wa hifadhi ya jamii, kipato kinachotozwa kodi, na kodi yenyewe, ile PAYE. Zipigie mstari.

Ya tatu ndiyo watu wanaipita bila kuitazama, na siri yote imelala hapo. Kipato kinachotozwa kodi ni mshahara ghafi ukishatoa mchango wako wa mfuko. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango wa mfuko uliotambuliwa kuondolewa kwanza, kisha kodi ipigwe kwenye kilichobaki. Kwa hiyo namba ya tatu lazima iwe ndogo kuliko ya kwanza. Zikilingana na wewe unachangia, weka alama nyekundu hapo. Slipu nyingine haiandiki namba ya tatu kabisa. Usijali, utaipata mwenyewe kwa kutoa.

Makato mengine hayana nafuu hiyo. Mkopo wa benki, marejesho ya bodi ya mikopo ya wanafunzi, ada ya chama cha wafanyakazi, hisa za SACCOS, bima ya afya: yote haya yanatoka baada ya kodi kukokotolewa. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuona mtu anajivunia kwamba slipu yake imejaa makato, "serikali itapata wapi cha kukata?" Serikali ilishakata kabla hayo makato hayajafika.

Hatua ya pili: kokotoa mwenyewe

Viwango vya PAYE kwa Tanzania Bara, vilivyoanza Julai 2021, ni hivi kwa mwezi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kuanzia hapo hadi 520,000, kiasi kinachozidi 270,000 hukatwa asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000 unalipa 20,000 na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 unalipa 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Ukivuka milioni moja, ni 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi.

Sasa tuichukue slipu ya mpwa wangu. Mshahara ghafi ni 900,000. NSSF ni asilimia 20 kwa jumla: kumi ya mfanyakazi, kumi ya mwajiri. Yake basi ni 90,000. Kipato kinachotozwa kodi kinapaswa kuwa 810,000. Kinachozidi 760,000 ni 50,000, robo yake ni 12,500, ongeza 68,000, unapata kodi ya 80,500.

Slipu yake ilisema 103,000.

Nilijua namba hiyo imetoka wapi kabla sijamaliza kunywa kikombe. Walipiga kodi kwenye 900,000 nzima: 140,000 zilizozidi, robo yake 35,000, jumlisha 68,000. NSSF wakaikata baadaye, kama vile ni deni la dukani. Tofauti ni 22,500 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 270,000. Hiyo ni ada ya mtoto. Ni mabati ya kuezekea chumba kule kwao Muheza.

Nataka uone jambo moja zaidi kwenye mfano huo, kwa sababu ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Kama mpwa wangu asingechangia kabisa, mkononi angeshika 797,000. Akichangia na kodi ikakokotolewa sawasawa, anashika 729,500. Pengo ni 67,500. Lakini kwenye mfuko zimeingia 180,000, zake tisini na za mwajiri tisini. Ameachia 67,500 mkononi, zimewekwa 180,000 kwa jina lake. Kibubu cha namna hiyo hukipati kwenye mchezo wa upatu wala kwenye kikoba, hata kiwe na watu waaminifu namna gani.

Ukubwa wa nafuu unategemea ngazi uliyopo. Mwenye mshahara wa 1,500,000 anachangia 150,000 na kodi yake inashuka kutoka 278,000 hadi 233,000. Nafuu ni 45,000 kila mwezi. Mwenye 400,000 anaokoa 3,200 tu, kwa sababu yuko kwenye ngazi ya asilimia 8. Kuna mmoja ananifurahisha kila nikimpigia hesabu: anayelipwa 290,000. Akitoa mchango wa 29,000 anabaki na 261,000, chini ya kile kizingiti cha 270,000, kodi inakuwa sifuri. Ukiona mwenye mshahara huo bado anakatwa PAYE na anachangia NSSF, mwambie arudi kwa mhasibu.

Wa serikalini hesabu yao ina sura nyingine. Mfuko wao ni PSSSF, uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mtumishi anachangia asilimia 5 ya mshahara wa msingi na mwajiri asilimia 15. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa 900,000, bila posho, anatoa 45,000, kodi yake ni 91,750. Nafuu yake ya kodi ni nusu ya ile ya mpwa wangu, ila mwajiri wake anamwekea 135,000. Sioni sababu ya mmoja kumhusudu mwenzake hapo.

Hatua ya tatu: angalia mchango umepigwa kwenye nini

Hapa napaswa kukaa kidogo, maana kuna jambo linalofanywa makusudi.

NSSF hupigwa kwenye mshahara ghafi, yaani pamoja na posho za kila mwezi. Sasa kuna waajiri wanaougawa mshahara: laki tano waziite mshahara wa msingi, laki nne waziite posho ya nyumba, nauli na chakula. Kisha wanapeleka NSSF ya laki tano tu. Mfanyakazi anaambiwa, "tumekusaidia, makato yamepungua," naye anashukuru.

Hebu tuipime shukrani hiyo. Kwenye 900,000 ileile, mchango sasa ni 50,000. Kipato kinachotozwa kodi kinakuwa 850,000 na kodi 90,500. Mkononi anapata 759,500, yaani 30,000 zaidi ya yule aliyechangia kwenye ghafi. Kweli ameona nafuu. Lakini kwenye mfuko zinaingia 100,000 badala ya 180,000. Ameongezewa elfu thelathini, zimepotea elfu themanini, na TRA imepata elfu kumi zaidi kutoka kwake. Aliyesaidiwa ni mwajiri, aliyebakiza elfu arobaini zake kila mwezi.

Na mafao ya baadaye yanafuata mshahara uliochangiwa, si ule uliokuwa ukiutaja barazani.

Kwa hiyo zidisha mshahara ghafi kwa asilimia 10. Ikilingana na makato yako, vizuri. Ikiwa pungufu, uliza kwa adabu: "Naomba kufahamu mchango wangu umepigwa kwenye kiasi gani?" Wa bandarini na viwandani wenye malipo ya saa za ziada waangalie pia kama mchango unapanda ule mwezi mshahara unapopanda. Ukibaki uleule mwaka mzima, kuna kitu.

Sheria pia imeweka dari kwenye sehemu ya mfanyakazi: isizidi nusu ya mchango wote. Mwajiri akikukata zaidi ya asilimia 10 anakubebesha mzigo wake. Lakini yeye akipenda kubeba zaidi ya nusu, hakuna kinachomzuia, na wapo wanaofanya hivyo. Siku unapojadili mkataba mpya na mwajiri anasema hana uwezo wa kuongeza mshahara, hilo ni la kuliweka mezani.

Hatua ya nne: hakikisha pesa imefika

Slipu ni ahadi tu. Kukatwa ni jambo moja na kufikishwa ni jingine, na mimi nililijifunza kwa ngozi yangu.

Katika kazi yangu ya kwanza nilikatwa kila mwezi, slipu safi, kodi imekokotolewa vizuri kabisa. Nilipojifungua mtoto wa kwanza nikaenda kufuatilia fao la uzazi. Dada wa kaunta akanigeuzia kioo cha kompyuta: miezi 7 ilikuwa mitupu. Mwajiri alikuwa amekata na hakupeleka. Nilisimama pale na kichanga mgongoni, nikahisi kama nimeibiwa nikiwa macho. Fao la uzazi linadai uwe na michango ya miezi isiyopungua 36, na kati ya hiyo 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Mapengo yale yaliniangusha. Pesa ilikuja kulipwa baadaye, baada ya barua nyingi na safari nyingi, lakini wakati niliouhitaji ulikuwa umepita.

Babu yangu alikata mkonge kule Ngomeni mpaka mgongo ukapinda, na alirudi nyumbani bila karatasi hata moja inayoonyesha alichangia nini na wapi. Ndiyo maana kwenye hatua hii sina utani na mtu.

Fanya hivi. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya michango yako. Unaweza kuipata kwenye akaunti ya mwanachama katika tovuti ya NSSF, au uende ofisini kwao na kitambulisho cha taifa. Watumishi wa umma wanaipata PSSSF kwa njia kama hizo. Weka slipu upande mmoja na taarifa upande wa pili, mwezi kwa mwezi. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuwasilisha mchango, kwa hiyo usipige kelele kama mwezi uliopita haujaonekana. Miwili ikipita kimya, anza kuuliza.

Ukiuliza kazini ukazungushwa, peleka slipu zako NSSF. Wana maofisa wanaofuatilia waajiri, na deni hilo pamoja na faini yake ni la mwajiri, si lako. Hapo ndipo slipu inapokuwa mali. Bila slipu ni neno lako na neno lake. Zihifadhi zote: za karatasi kwenye bahasha ya kaki, za simu zitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu simu huanguka chooni na majini kule Raskazone kila siku.

Wale wa mikataba mifupi, wa miradi ya ujenzi, waja leo waondoka leo, nyinyi ndio mnaopotezewa zaidi. Miezi minne hapa, mitano Chongoleani, mitatu Korogwe. Tumia namba moja ya uanachama kila uendako. Mwajiri mpya akitaka kukuandikisha upya, mwambie, "Namba ninayo." Pensheni inataka michango ya miezi 180, miaka 15 ukiikusanya yote, na miezi iliyotawanyika kwenye namba mbili ni kazi ngumu kuiunganisha ukiwa na miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari, au 60, wa lazima.

Hatua ya tano: usiuziwe nafuu isiyokuwepo

Tanga tuko mlangoni mwa Kenya. Horohoro si mbali, na nusu ya mji ina ndugu Mombasa. Kwa hiyo habari za huko zinatufikia, na nyingine zinafika zimebadilika njiani.

Ni kweli kwamba Kenya mtu binafsi anaweza kujiunga na mpango wa pensheni anaoutaka, akachangia zaidi ya kile cha lazima, na ziada hiyo ikapunguza kodi yake. Dari ilikuwa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 imepandishwa hadi 30,000. Ukiwa unafanya kazi Mombasa na kulipa kodi huko, itumie nafasi hiyo yote. Kwa aliye kwenye ngazi za juu ni pesa nyingi.

Huku kwetu sheria inasema tofauti: kinachoruhusiwa kuondolewa kwenye kipato ni kile ulichochangia kweli au kile ambacho sheria imekilazimisha, kidogo kati ya hivyo viwili. Tafsiri yake ni kwamba ukiongeza kwa hiari yako juu ya asilimia 10, ile ziada haikupunguzii PAYE hata shilingi moja. Kwa hiyo akija wakala ofisini kwenu na makaratasi mazuri akasema, "weka laki moja kwenye mpango wetu wa uzeeni, utaokoa elfu ishirini na tano ya kodi," mwulize ni kifungu gani. Atabadili mazungumzo. Mpango wake unaweza kuwa mzuri kwa sababu nyingine, ila kwa hiyo hapana.

Mpwa wangu alinyong'onyea nilipomwambia hivi, maana alikuwa ameshapanga. Nikamwambia nafuu yake iko kwenye kurudisha ile 22,500 aliyokuwa akiipoteza, na hiyo haihitaji kutoa hata senti.

Je, uweke akiba ya ziada hata kama kodi haipungui? Mimi naona uweke. Tena sasa angalia kodi upande wa pili, kwenye faida. Riba ya akaunti ya muda maalumu benki inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijakufikia. Vipande, yaani hisa zako kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kuanzia ule wa Umoja ulioanza mwaka 2005, faida yake unaichukua bila kukatwa kodi mkononi mwako. Kwa pesa ya miaka mingi, tofauti hiyo inaonekana. Wengine wanaongeza michango ya hiari NSSF kwa sababu hawajiamini na pesa iliyo karibu na mkono, na hiyo nayo ni sababu nzuri. Mtu anajijua.

Najua neno kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao ya kustaafu, linawachoma watu, na wapo walioapa kwamba hawataki kusikia mfuko wowote. Sibishani nao kuhusu mkupuo, ile sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, na asilimia zake. Nasema tu kwamba mchango wa lazima utakatwa upende usipende. Kinachobaki mikononi mwako ni kuhakikisha umekatwa kwa kiasi sahihi, umefika, na umekupunguzia kodi.

Kwa asiyeajiriwa

Mama mwenye duka Mabanda ya Papa, bodaboda, mvuvi wa Sahare, muuza machungwa wa Muheza: unaweza kujiunga NSSF kwa hiari na kuchangia kadiri kipato chako kinavyoingia, kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu, ukilipa kwa simu kupitia kontroo namba. Jiunge kwa ajili ya uzee. Kodi ni habari nyingine, kwa sababu mfanyabiashara mdogo wa mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka anatozwa kwa makadirio ya mauzo. Mchango wa uzeeni haugusi mauzo.

Kwako nafuu iko kwenye daftari. Ukiuza, tuseme, milioni 6 kwa mwaka na huna kumbukumbu, unalipa 100,000. Ukiwa na kumbukumbu zinazoeleweka, unalipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Hizo 40,000 ulizookoa kwa kuandika daftari zipeleke moja kwa moja kwenye mchango wako. Hapo ndipo kodi na uzee vinapokutana kwa mtu asiye na slipu.

Hatua ya sita: dai marekebisho

Ukigundua kosa, nenda kwanza kwa mhasibu wa mishahara, peke yako, kabla hujaenda kwa meneja. Mpe nafasi ya kurekebisha bila kuaibika. Chukua hesabu zako kwenye karatasi na mwonyeshe pia kikokotoo cha PAYE kilichopo kwenye tovuti ya TRA, ili asione unabishana naye wewe kama wewe.

Miezi ya mwaka huu, Januari hadi Desemba, ni rahisi: mwajiri anarekebisha hesabu na kukufidia kwenye mishahara inayofuata. Ya mwaka uliokwisha inahitaji kuombwa TRA, na mwajiri ndiye mwenye kumbukumbu za kulithibitisha dai, kwa hiyo usigombane naye. Usikubali kulipwa tofauti hiyo kwa pesa taslimu mkononi "tuyamalize". Inapaswa kuonekana kwenye slipu.

Wakikuitikia kwa mdomo na mwezi mwingine ukapita vilevile, andika. Hii ndiyo barua tuliyoandika na mpwa wangu jioni ile. Aliipeleka Jumatatu, akabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mshahara wa mwezi uliofuata ulikuja na kodi ya 80,500, na miezi ya nyuma ya mwaka ule ikalipwa kwa awamu mbili. Badilisha namba uweke zako.

Kwa Meneja Rasilimali Watu,

YAH: OMBI LA MAREKEBISHO YA KODI YA MSHAHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyakazi wa idara ya ghala. Nimepitia slipu yangu ya mshahara na kuona kwamba PAYE imekokotolewa kwenye mshahara ghafi wa shilingi 900,000 kabla ya kuondoa mchango wangu wa NSSF wa shilingi 90,000. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, kodi inapaswa kukokotolewa kwenye shilingi 810,000, hivyo kodi sahihi ni shilingi 80,500 badala ya shilingi 103,000 zilizokatwa.

Naomba hesabu hiyo irekebishwe kuanzia mshahara wa mwezi huu, na kiasi kilichozidi katika miezi iliyopita kirejeshwe kupitia mishahara inayofuata. Naomba pia kupatiwa uthibitisho wa michango yangu iliyowasilishwa NSSF tangu nilipoajiriwa.

Nimeambatisha nakala za slipu husika pamoja na hesabu zangu.

Natanguliza shukrani zangu za dhati.